Vidole Bila Majina: Besi ya Ska na Uvivu wa Kalamu Zetu

Ndugu msomaji, nianze kwa kujianika mwenyewe. Mwaka jana nilimpa mhariri mmoja sura ya tatu ya riwaya ninayohangaika nayo tangu nimalize kidato cha nne. Katika sura hiyo kijana mmoja wa Kingston, Jamaica, mwaka 1964, anaingia studio kwa mara ya kwanza akiwa na besi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Niliipenda sura ile kuliko zote. Niliiandika usiku, na sioni haya kusema nilitokwa na machozi. Mhariri akanirudishia karatasi zangu zikiwa safi kabisa, isipokuwa mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika hivi: "Akaicharaza besi kwa ustadi mkubwa, muziki mtamu ukatawala, kila mtu akahisi raha moyoni." Pembeni, kwa wino mwekundu, ameandika: "Vidole vinafanya nini?"

Maneno matatu tu. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakaa chini nimjibu, kumbe sijui! Nimeusikiliza muziki wa ska tangu nikiwa mtoto, naweza kuuimba besi yake kwa mdomo kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, lakini ukinitaka niseme kidole kinafanya nini kwenye uzi, naishia "kucharaza" na "kukung'uta". Baada ya hapo nageukia moyo, raha, na mbalamwezi.

Makala hii basi ni uhakiki wa mambo mawili. Kwanza ni uhakiki wa wapiga besi wa ska, maana wapo niwapendao na wapo wanaonichosha. Pili ni uhakiki wetu sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Chukua hadithi kumi za vijana wenzangu zenye bendi ndani yake. Bendi "itashambulia jukwaa", watu "watakatika", besi itakuwa "nzito". Besi nzito! Kwani ni gunia la mkaa?

KASETI YA MJOMBA

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alirudi kutoka Uingereza na kaseti ya bendi ya The Specials, kaseti ambayo ilipigwa nyumbani kwetu mpaka utepe ukawa unakwaruza. Ndiyo iliyonifanya niamini kwa miaka mingi kuwa ska ni muziki wa Uingereza. Nilikuwa nimekosea. The Specials walitoka mji wa Coventry, na walikuwa wajukuu tu. Babu zao wako Jamaica.

Ska ilizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, ikakomaa wakati kisiwa kile kinapata uhuru wake tarehe 6 Agosti 1962. Ilichanganya mento, muziki wa asili wa huko, na rhythm and blues ya Wamarekani weusi iliyokuwa ikisikika redioni na kwenye madisko ya mitaani yaliyoitwa sound system. Wenye madisko hayo, akina Coxsone Dodd na Duke Reid, walipoona sahani kutoka Marekani hazikidhi tena kiu ya wachezaji, wakaanza kurekodi wanamuziki wa nyumbani. Jazi pia ilikuwamo. Don Drummond wa tromboni, Tommy McCook wa saksafoni, Johnny Moore wa tarumbeta na Lester Sterling wa saksafoni wote walipitia Alpha, shule ya wavulana iliyokuwa ikiendeshwa na masista wa Kikatoliki. Mwaka 1964 wakaungana na wenzao kuunda The Skatalites. Bendi hiyo haikufikisha hata miaka miwili, ilivunjika mwaka 1965, lakini ilichoacha ndani ya muda huo si mchezo.

Kuhusu jina lenyewe, ska, masimulizi ni mengi. Wako wasemao ni kuiga mlio wa gitaa, ule mkwaruzo mfupi. Wako wasemao limetokana na Cluett Johnson, ambaye alikuwa na mazoea ya kuwasalimu wenzake kwa neno la utani, "skavoovie". Sitaamua ugomvi huo. Ila huyo Cluett Johnson alikuwa mpiga besi! Yaani inawezekana muziki mzima ulipata jina kutoka mdomoni mwa mpiga besi, halafu sisi tunashindwa kutoa jina kwa vidole vyake.

HATUA NNE

Ili tuelewane, tuuweke wimbo wa ska mezani kama fundi anavyofungua redio. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, kama vile unatembea. Gitaa halipigi juu ya hesabu hizo. Linapiga katikati, pale mguu unapokuwa hewani. Piano mara nyingi inafuatana nalo. Huo ndio mkato unaomfanya mtu aruke hata kama hajazoea kucheza. Dramu husisitiza mbili na nne. Sasa basi, ikiwa gitaa liko hewani, nani yuko ardhini? Besi. Katika ska ya mwanzo besi hupiga noti moja kwa kila hesabu, nne kwa kila bari, bila kukosa. Kazi hii Waingereza na Wamarekani huiita kutembea, na kwa mara hii sioni sababu ya kuwakatalia. Ni kutembea kweli. Tuiite besi ya kutembea.

Lakini hapo ndipo mwandishi mvivu anaposhukia basi. Ameshapata neno, anaona kazi imekwisha. Ngoja kwanza. Inatembea kwenda wapi? Kwa hatua zipi?

Wengi wetu tumepita kwaya ya kanisani au ya shule, kwa hiyo nitatumia do re mi. Wimbo ukiwa umekaa kwenye kodi ya do, mpiga besi mwanafunzi atapiga do, do, do, do. Huyo hatembei, anakanyagakanyaga mahali pamoja. Aliyeendelea kidogo atapiga do, so, do, so. Hizo mbili ndizo nguzo za nyumba: ukizishika huanguki, lakini pia huendi popote. Mwenye kujua atapiga do, mi, so, mi, na hesabu inayofuata anatua kwenye fa, kodi mpya. Itazame ile mi ya mwisho. Kutoka mi hadi fa ni nusu sauti tu, hatua fupi kuliko zote. Sikio linaposikia mi pale mwisho, tayari linajua kuna mlango mbele. Akitaka kwenda so badala ya fa, anaweza kupiga do, mi, fa, kisha fa iliyopandishwa nusu, halafu so. Ile fa iliyopandishwa si ya familia ya wimbo. Ni mgeni. Lakini anapita upesi, anakupeleka unakokwenda, na hakuna anayelalamika.

Noti hiyo ya mwisho kabla ya mlango inaitwaje? Nilizunguka nayo mwezi mzima. Nikaiita "kiungo", ikanikumbusha mchuzi. Nikaiita "noti kivuko", nikajiona nimekuwa profesa. Halafu nikaenda kwa Mzee.

MZEE ANANICHEKA

Mtaa wa pili kutoka kwetu, hapa Temeke, anakaa mzee mmoja aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi anatengeneza redio na pasi. Jina lake silitaji, maana alinionya.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na makaratasi tena?"

Nikampa simu na hedfoni, nikamwekea The Skatalites. Akasikiliza nyimbo mbili bila kusema neno, kichwa kimeinama. Kisha akasimama, akatoa gitaa lake kutoka nyuma ya pazia. Spika aliuza zamani. Akalibana tako la gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao, na kabati lote likaanza kuimba. Bwana we! Sijawahi kuona kitu kama kile.

"Huyu jamaa anatembea," akasema. "Lakini hatembei kama askari. Anatembea kama mtu anayejua anakokwenda na hana haraka. Sikiliza. Niko hapa, do. Nazunguka. Sasa kabla sijaingia fa, napiga hodi hapa, halafu naingia."

"Umesema unapiga nini, Mzee?"

"Hodi. Utaingiaje kwa watu bila hodi?"

Hakujua amenipa nini. Mwezi mzima nilikuwa natafuta katika kamusi, na neno liko mlangoni kwa kila nyumba. Noti ya hodi! Ukimwambia mtoto wa darasa la tatu kuwa besi hupiga hodi nusu sauti kabla ya kodi kubadilika, ataelewa, na akisikiliza tena wimbo ule ule ataisikia kwa masikio yake. Hilo ndilo jina linalofanya kazi.

Nikapata moyo, nikamsomea majina niliyotunga mwenyewe. Pale kidole cha mkono wa kushoto kinapoteleza juu ya uzi, noti moja ikayeyuka na kuwa nyingine, mimi nilipaita "machozi ya nyoka". Mzee aliniangalia muda mrefu.

"Nyoka analia?"

"Ni taswira, Mzee."

"Mwanangu, hapo mtu anaserereka tu. Anaserereka kutoka hapa hadi pale. Nyoka wako muache porini."

Nilicheka na mimi, lakini kwa kweli iliniuma. Nilitambua ugonjwa wangu. Sikuwa nataja anachofanya mpiga besi. Nilikuwa nataka msomaji aone jinsi nilivyo mtunzi.

MTI NA UMEME

Sasa nirudi Kingston. Mpiga besi wa The Skatalites alikuwa Lloyd Brevett, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2012. Alipiga besi ya kusimama, ile kubwa kama kabati, ya aina ambayo tunaiona hapa kwetu katika taarabu ya Zanzibar, kwa mfano katika kundi la Culture Musical Club. Besi ya namna hiyo haina umeme. Uzi unavutwa kwa ubavu wa kidole cha shahada, nyama ya kidole ikilala juu ya uzi, na mti wote unatetemeka. Sauti inatoka nene, halafu inakufa upesi. Unasikia "dum", si "duuum". Kwa hiyo kila hatua inakuwa na mwisho wake, na kati ya hatua na hatua pana upenyo mdogo. Gitaa la ska linaingia katika upenyo huo huo. Kwa maoni yangu, huo ndio ufundi mkubwa wa ska ya mwanzo: vyombo viwili vinavyogawana sekunde moja bila kugongana, kama wasukuma mkokoteni wanaojuana.

Brevett nampenda kwa subira yake. Akina Drummond na McCook wako mbele wanapaa, yeye yuko nyuma na Lloyd Knibb wa dramu, wanalinda nyumba. Lakini mhakiki hapaswi kuwa mshangiliaji, kwa hiyo niseme na lililo upande wa pili. Ziko nyimbo ambazo anatembea kama mlinzi wa usiku, njia ile ile, kona ile ile, na hodi zake unazijua kabla hajazipiga. Tena rekodi za wakati ule zilifanywa bendi nzima ikiwa chumba kimoja, na mara nyingi besi inazama chini ya mapembe. Ukisikiliza kwa simu bila hedfoni utadhani hakuna mpiga besi kabisa. Wengi wanaosema "besi ya ska ni ya kawaida tu" hawajaisikia. Wamesikia simu zao.

Mwaka 1966 mambo yakabadilika. Muziki ukapunguza mwendo, ukaitwa rocksteady. Besi ya umeme ikashika usukani. Jackie Jackson, aliyepiga kwenye rekodi nyingi za Duke Reid, ndiye wa kusikiliza hapo. Besi iliacha kutembea. Badala ya hatua nne zinazolingana, ikawa na kifungu cha noti chache zenye mapengo, kinachojirudia mwanzo hadi mwisho mpaka unakiimba bafuni. Hicho nakiita kibwagizo cha besi, na sidhani kama nimebuni kitu, maana washairi wetu wana neno hilo kwa mstari unaorudi kila ubeti. Kutoka hapo hadi reggae ni hatua fupi. Mpiga besi wa reggae amejifunza jambo ambalo mtembeaji wa ska hathubutu: kunyamaza. Anaweza kuiacha hesabu ya kwanza ipite tupu, wewe msikilizaji ukatanguliza mguu na usikute ngazi.

COVENTRY, AU KUZIBA UZI

Turudi kwenye kaseti ya Mjomba. Mwaka 1979 Jerry Dammers wa The Specials alianzisha lebo ya 2 Tone kule Coventry. Bendi yao ilikuwa na weusi na weupe pamoja, katika Uingereza ambayo vikundi vya kibaguzi vilikuwa vikiandamana mitaani. Mpiga besi alikuwa Horace Panter, mtu aliyesoma sanaa ya uchoraji na ambaye baadaye alifundisha na kuchora. Yeye alipiga gitaa la besi la umeme, lenye nyuzi nne, mi la re so kwa hesabu ya do ya piano. Uzi mnene kuliko wote unatoa mitetemo kama 41 kwa sekunde ukiachiwa wazi.

Hapo pana tatizo ambalo waandishi wengi hawalioni. Uzi wa gitaa la umeme haufi upesi. Ukiupiga na kuuacha, unaendelea kulia, noti ya kwanza inaingia ndani ya ya pili, na ule upenyo wa gitaa unajaa matope. Ufanyeje? Unaziba. Njia ziko kadhaa. Waweza kulaza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi pale mwisho zinapofungwa, ukapiga kwa kidole gumba. Waweza kulegeza kidole cha mkono wa kushoto mara tu noti imetoka, bila kukiondoa juu ya uzi. Wengine huchomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi, basi. Zote naziita kuziba uzi. Na ukiziba kabisa, ukapiga uzi ambao hauna sauti isipokuwa "tk", hiyo ni noti bubu. Noti bubu haiimbi lakini inahesabika, kama mtu anayekaa kimya kwenye kikao na bado kila mmoja anajua yupo.

Ukielewa kuziba, unaanza kuelewa vijana wa Coventry walikuwa wanafanya nini. Mkono wa umeme ulikuwa unaiga mti. Mlio mkavu wa besi ya Brevett, ambao kwake ulikuja wenyewe kwa sababu ya chombo, hawa walilazimika kuutengeneza kwa kiganja. Siwezi kuandika hivyo nikiwa na neno "kucharaza" peke yake. Neno "kucharaza" halijui tofauti ya mti na umeme.

Je, Panter ni mkubwa kuliko Brevett? Hapana, lakini mimi humsikiliza mara nyingi zaidi. Katika "Nite Klub", wimbo wa albamu yao ya kwanza ya 1979, besi imewekwa mbele na inasukuma. Ina haraka ya kijana asiye na kazi Ijumaa usiku. Halafu mwaka 1981 bendi hiyo hiyo ikatoa "Ghost Town", wimbo wa pole wenye huzuni, ulioshika namba moja Uingereza mwezi Julai wakati miji inawaka ghasia. Nguvu za 1979 zimezimwa makusudi. Mpiga besi anayeweza kukimbia akaamua kutokimbia, huyo namvulia kofia.

KOFI, NA WENYE MBIO

Kizazi cha Marekani kinanipa shida. Matt Freeman, aliyepiga Operation Ivy kati ya 1987 na 1989 na baadaye Rancid, ana vidole ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvifuata. Anatembea, ndiyo, lakini anatembea kama mtu aliyechelewa treni: anapanda sauti ya nane juu, anashuka kwa nusu nusu, anavuka nyuzi zote na kurudi. Nampa heshima yake. Katika "Time Bomb" ya mwaka 1995 kutembea kwake kunakaa vizuri ndani ya ska. Lakini mahali pengine najiuliza: kama besi nayo imepaa, nani amebaki ardhini? Nyumba ambayo kila mtu yuko darini, atakayefungua mlango nani?

Norwood Fisher wa Fishbone, bendi ya Los Angeles, ana jambo jingine. Yeye huleta ndani ya ska ufundi wa funk, ule unaohusishwa zaidi na Larry Graham wa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kidole gumba kinaupiga uzi mnene kwa kifundo, halafu kidole cha shahada kinaingia chini ya uzi mwembamba, kinaukwanyua na kuuachia ugonge mti. Hapa Mzee hakuhitaji kufikiri. "Kofi na mkwanyuo," akasema, na akaendelea kusafisha pasi. Mimi naona kofi katika ska ni kama pilipili. Inataka kidogo, na mpishi ajue kwa nini ameitia.

Na anayepiga kwa kipande cha plastiki badala ya kidole? Taarabu imeshatupa jina siku nyingi: risha, kile kipande cha kupigia udi. Risha inatoa noti yenye ncha, kidole kinatoa noti yenye tumbo. Tulikuwa nalo neno, tukalikalia.

MAJINA YA NINI?

Rafiki yangu mmoja, mshairi, aliposikia naandika haya alinipinga. "Msomaji wa riwaya hataki somo la gitaa," alisema. "Anataka ahisi." Hoja yake ina uzito na sitaki kuiruka.

Kwanza nimwambie yeye kama mshairi: wazee wetu wa tungo hawakuona kuwa majina yanaua hisia. Mstari mmoja wa shairi waliugawa, kila kipande wakakipa jina: ukwapi, utao, mwandamo, ukingo. Wakataja vina vya kati na vya mwisho, mizani, kituo. Wapiga ngoma wa pwani nao hawasemi "ngoma" wakaishia hapo. Wana vumi yenye kunguruma chini, chapuo ya kuchokoza juu, msondo uliosimama. Msusi wa mtaani ana jina kwa kila njia ya nywele. Sisi peke yetu, watu wa kalamu, ndio tunaokwenda dansini bila maneno.

Halafu tazama bendi zetu za dansi. Kila moja ilikuwa na jina la mtindo wake: Msondo, Sikinde, Pamba Moto, Kamanyola. Majina ya mitindo tumejaa nayo. Lakini kidole cha yule mzee aliyeusimamisha mtindo huo usiku kucha, nyuma ya mapembe, hakina jina hata moja kwenye maandishi. Akifa, kitaandikwa kuwa "alikuwa mcharazaji hodari". Hodari wa nini? Ndiyo maana swali la wino mwekundu halinitoki kichwani. Nilidhani mhariri ananionea. Kumbe alikuwa anamdai heshima mtu ambaye mimi nilidai nampenda.

Hata hivyo rafiki yangu amenisaidia kuweka mpaka. Jina likimsimamisha msomaji ashangae, limeshindwa. Kipimo changu sasa ni mbili tu: je, linasema mkono unafanya nini? Na je, mtu aliyelisikia mara moja anaweza kukisikia kitu chenyewe wimbo ukirudiwa? Hodi imepita. Kuziba imepita. Kuserereka, noti bubu, kibwagizo cha besi, kofi na mkwanyuo, zote zimepita. "Machozi ya nyoka" yamefeli mitihani yote miwili. "Besi nzito" haikufika hata chumba cha mtihani.

SURA YA TATU, TENA

Nimeiandika upya sentensi ile. Imekuwa aya. Naiweka hapa, mnipige mawe:

"Alilegeza bega. Ubavu wa kidole ukalala juu ya uzi mnene, ukauvuta, na do ikatoka kavu kama gogo lililogongwa. Mi. So. Katikati ya kila hatua gitaa lilikata hewani, likaondoka, likampisha. Hesabu ya nne ilipokaribia akakumbuka chumba cha baba yake, jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni hata baada ya mzee kutoinuka tena kitandani. Akapiga hodi kwa mi. Bendi nzima ikaingia fa pamoja naye."

Sijui kama ni nzuri. Najua tu kwamba niliposimama pale kwenye hodi, yule baba aliyekufa alikuja mwenyewe, mimi sikumwita. Katika ile ya kwanza, ya raha moyoni, hakuwamo.

Nilimsomea Mzee. Akaomba nirudie mahali pa gitaa kukata na kumpisha. Kisha akachukua gitaa lake, akalibana kabatini, akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekitaja. Baada ya kila noti, kabla tu ya ile inayofuata, mkono wa kushoto unaachia kidogo sana. Kiasi cha kupitisha karatasi kati ya kidole na uzi. Si kuziba, maana sauti haijakatwa kwa nguvu. Si noti bubu, maana hakuna kinachogonga. Ni pumzi tu, na alisema ska nzima inaning'inia hapo.

"Mnapaitaje hapo, Mzee?"

Akafikiri. Akapiga tena, mara nne, tano, akiuangalia mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine.

"Hatukupaita," akasema.

Wasomaji wenzangu, mwenye neno alete. Nafasi nimeiacha wazi kwenye sura ya nne.